Mwanangu analishwa kwa mpira wa puani, mama mkwe anasema nitamuua kwa njaa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya binafsi hapa Tanga, nina miaka 26 na huyu ndiye mtoto wangu wa kwanza. Presha ilinipanda mimba ikiwa na wiki 29, nikapasuliwa usiku uleule, mwanangu akatoka na kilo 1.15. Leo ana siku 12. Anapumua mwenyewe, lakini bado yuko kwenye chumba cha watoto njiti. Mkononi ana dripu, na puani amewekewa mpira mwembamba unaoshuka hadi tumboni. Kila baada ya saa mbili nesi anamimina maziwa yangu kwenye bomba la sindano na kuyaacha yateremke taratibu. Mililita 6 tu. Nimezilinganisha na kijiko: ni kijiko kimoja cha chai na matone machache juu yake. Binadamu anaishi vipi kwa kijiko cha chai?

Juzi walimpima, ana kilo 1.06. Yaani anapungua. Na siku tatu kabla ya hapo tumbo lilimvimba, wakasimamisha maziwa siku nzima akabaki na dripu peke yake. Hakuna aliyekaa chini kunieleza. Niliambiwa tu “tunamwangalia”. Mama mkwe akasema ni maharage niliyokula.

Mama mkwe anakuja kila jioni saa ya kuona wagonjwa. Ni mtu mwema, amenilea kama binti yake, ila kwa hili hatuelewani. Anasema wajukuu zake wote walikuzwa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji na hakuna aliyekufa. Jana alikuja nayo kwenye chupa ndani ya mkoba, akaniambia nimtilie mtoto matone machache mdomoni nesi akigeuka. Sikufanya, lakini nililala nikiwaza kwamba huenda yeye ndiye mwenye haki. Mume wangu ni dereva wa lori, yuko safarini. Ametuma hela ninunue maziwa ya kopo, kwa kuwa mtoto wa kitanda cha pili anakunywa kopo na ameongezeka. Yule alizaliwa na wiki 34.

Maziwa yangu ni machache. Nakamua mara tano kwa siku, kila mara napata kama mililita 15. Usiku sikamui, kwa sababu nilishauriwa nipumzike kidonda kipone. Nesi ameniambia mtoto akianza kuongezewa, hayatatosha. Kuna mama mwenzangu wodini ana maziwa mengi mpaka anayamwaga, amejitolea kunigawia. Mume wangu hataki kusikia. Anasema watoto watakuwa ndugu wa kunyonya, na sisi hatuijui ile familia.

Na kazini likizo yangu ya uzazi inakatika mtoto akiwa bado hospitali. Nikija kumpeleka nyumbani, itakuwa imebaki wiki ngapi?

Nishauri, Shangazi. Nikimtazama mwanangu nahisi nakaa tu huku ananiishia.

Mama Njiti, Tanga

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa upasuaji, na hongera kwa mtoto. Hongera hiyo naisema kwa nguvu, maana mama aliyejifungua njiti hupewa pole na kila mtu, na wengi husahau kwamba amezaa.

Nianze na la haraka. Ile chupa iliyo kwenye mkoba wa mama mkwe isimfikie mtoto, hata tone. Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto wa kilo moja zinavyoweza kuchuja, na yanaweza kuchubua utumbo wake ukavuja damu. Ukiyatia maji unapunguza nguvu ya chakula na kuongeza vijidudu vilivyomo kwenye maji. Kisha kuna mdomo wenyewe. Kunyonya, kumeza na kupumua ni mambo matatu yanayotakiwa kupishana bila kugongana, na mtoto huanza kuyaweza pamoja akiwa na umri wa wiki 32 hadi 34 kwa hesabu ya mimba ya kliniki. Wako leo hajafikisha hata wiki 31. Matone unayomtilia nesi akigeuka yanaweza kumpalia yakaingia mapafuni, na hapo tutakuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Wajukuu wale wengine wa mama mkwe walizaliwa miezi imetimia. Huyu bado alitakiwa awe tumboni mwako.

Ulifanya vizuri kukataa. Endelea kukataa.

Sasa tuzungumze juu ya hizo mililita 6, kwa sababu naona ndizo zinazokunyima usingizi. Usizipime kwa kijiko, zipime kwa siku na kwa uzito. Mililita 6 kila saa mbili ni mara 12 kwa siku, yaani mililita 72. Mtoto wako alizaliwa na kilo 1.15, kwa hiyo anapata zaidi ya mililita 60 kwa kila kilo. Kiwango kamili tunachokitafuta ni kama mililita 150 hadi 180 kwa kilo kwa siku, ambacho kwake ni mililita 14 hadi 17 kwa kila mlo. Hata akishiba kabisa, mlo wake hautajaza vijiko vinne vya chai! Amekaribia nusu ya safari, na sehemu iliyobaki ya mahitaji yake ndiyo inayopita kwenye ile dripu mkononi. Hajaachwa na njaa.

Mbona wasimpe yote leo? Kwa sababu utumbo wake haujakomaa. Ngozi yake ya ndani ni nyembamba, mwendo wake wa kusukuma chakula ni wa kusuasua, na damu inayoufikia ni haba. Ndiyo maana wanaanza na kidogo kisha wanaongeza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mapya ya kuwatunza watoto njiti Novemba 2022, na ndani yake linasema maziwa yaanze mapema iwezekanavyo, tangu siku ya kwanza, na kwamba mtoto anayeyapokea vizuri anaweza kuongezewa hadi mililita 30 kwa kilo kila siku. Kwa mwanao hiyo ni nyongeza ya mililita 2 au 3 kwa kila mlo kila siku. Asipopata kikwazo, ndani ya siku chache anaweza kufika kiwango kamili na dripu ikatolewa.

Uzito nao usikutishe. Njiti karibu wote hupungua siku za mwanzo kwa kuwa maji ya ziada yanatoka mwilini. Kupungua asilimia 10 ni jambo la kawaida, na walio wadogo sana hufika hata 15. Wako amepungua gramu 90, chini ya asilimia 8, na alikatiziwa maziwa siku nzima katikati. Wengi huurudia uzito wao wa kuzaliwa kati ya wiki ya pili na ya tatu. Akishaurudia, tunategemea aongezeke kama gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku. Kwake ni gramu ishirini hivi, kwa hiyo usingoje kuona mashavu wiki hii. Na mtoto wa kitanda cha pili mwache kabisa kwenye hesabu zako. Wiki 34 na wiki 29 ni watoto wa aina mbili tofauti, japo vitanda vinapakana.

Kuhusu lile tumbo. Kuna ugonjwa wa utumbo unaowapata njiti, madaktari wanauita NEC, ambapo sehemu ya utumbo inavimba, na ukizidi inakufa na hata kutoboka. Ni miongoni mwa mambo yanayotutia hofu zaidi katika chumba hicho. Dalili zake ni tumbo kujaa na kuwa gumu hata ngozi ikang'aa, kutapika kijani au kijani kurudi kwenye mpira, damu kwenye choo, na mtoto kulegea au kusahau kupumua. Tumbo likijaa, daktari makini husimamisha maziwa na kumwangalia, kwa sababu kusubiri siku moja ni nafuu kuliko kuchelewa saa chache. Wako alitazamwa, tumbo likashuka, akarudishiwa maziwa. Hiyo ni habari njema ambayo hakuna aliyekupa. Walipaswa kukueleza, na nasikitika hawakufanya hivyo. Ukiona dalili yoyote kati ya hizo, mwite nesi wakati huohuo, usiogope kuitwa msumbufu. Lakini kucheua kidogo maziwa meupe, au mililita moja mbili za maziwa kubaki tumboni kabla ya mlo unaofuata, si alama ya ugonjwa peke yake.

Maharage yako hayahusiki hata kidogo. Gesi ya tumboni mwako haiingii kwenye maziwa. Kula maharage, unayahitaji.

Na sasa kopo. Mama akiwa hana maziwa kabisa na hakuna mchangiaji, lipo kopo maalumu la watoto njiti ambalo daktari anaweza kuliagiza, na huokoa maisha. Lakini kwa mtoto wa wiki 29 mwenye mama aliye hai pembeni yake anayekamua, kopo halitakiwi kuwa chaguo la kwanza. Tafiti zilizolinganisha njiti waliopewa kopo na waliopewa maziwa ya mama mchangiaji zimeonyesha kwamba ule ugonjwa wa utumbo huwapata wa kopo karibu mara mbili zaidi. Maziwa yako yana kinga iliyotengenezwa na mwili wako dhidi ya vijidudu vya wodi hiyohiyo unayolala. Tena maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati huwa na protini zaidi katika wiki za mwanzo kuliko ya mama aliyetimiza miezi. Dukani huyapati. Hela ya mume wako nunulia mayai, dagaa na matunda, ule wewe.

Hapo ndipo kazi yako ilipo, mwanangu, na ndipo nataka tukae zaidi. Unasema unakaa tu huku mtoto anakuishia. Hapana. Hakuna mtu katika hospitali hiyo, hata bingwa wa watoto, anayeweza kutengeneza kile unachokitengeneza wewe. Ila unakikamua mara chache mno.

Ziwa hutengeneza kulingana na linavyotolewa. Likiachwa limejaa, mwili unapokea habari kwamba mtoto hahitaji, na unapunguza. Mara tano kwa siku bila usiku ni habari ya mtoto anayeelekea kuachishwa. Upasuaji na presha vilevile huchelewesha maziwa kuingia, kwa hiyo ulianza nyuma kidogo bila kosa lako. Unatakiwa ukamue angalau mara 8 kwa saa 24, na usiku lazima iwemo, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Kwa saa zetu ni rahisi kukumbuka: saa 12, saa 3, saa 6 na saa 9, mchana na usiku. Ukichoka sana unaweza kuruka zamu moja ya usiku ulale saa nne au tano mfululizo, kisha uifidie mchana. Kidonda hakitaumia kwa kukamua. Keti umeegemea mto, miguu imetulia.

Namna ya kukamua ina maana kubwa. Osha mikono kwa sabuni. Weka kitambaa cha uvuguvugu kwenye ziwa, lisugue polepole kuzunguka ukielekea kwenye chuchu. Kisha kidole gumba kikae juu na cha shahada chini, pembeni mwa ule weusi, si kwenye chuchu yenyewe. Sukuma kwanza nyuma kuelekea kifuani, halafu bana vidole vikutane, achia. Sukuma, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, na kama kunauma basi kuna mahali panakosewa. Mwombe nesi asimame nawe. Zungusha vidole kila upande wa ziwa. Yakipungua upande mmoja baada ya dakika tatu hadi tano, hamia wa pili, kisha rudi wa kwanza. Jumla dakika 20 hadi 30. Dakika moja mbili za mwanzo huenda usione kitu, usikate tamaa ukaacha. Kamulia karibu na mtoto ukimtazama, au mara tu baada ya kumpakata, na utaona tofauti kwenye kikombe. Ikiwepo mashine ya kukamulia inayochemshwa vizuri itumie, lakini mkono wako unatosha.

Matone ya kwanza ya kila zamu unaweza kumwomba nesi akupakie ndani ya mashavu ya mtoto kwa pamba safi au bomba la sindano, tone moja moja. Hayo hayamezwi kwa wingi wa kupalia, hubaki mdomoni yakimkinga, naye anajifunza ladha yako.

Vyombo: kikombe chenye kifuniko, kioshwe kwa sabuni kisha kichemshwe. Andika jina na saa. Kwa joto la Tanga, maziwa ya njiti yasikae nje zaidi ya saa nne. Yapelekwe kwenye friji ya wodi. Kupasha ni kutia kikombe ndani ya maji ya moto, kamwe si jikoni. Na siku utakapopata mengi kuliko anayohitaji, muulize daktari kuhusu kutenganisha maziwa ya mwanzo na ya mwisho ya kila zamu. Ya mwisho yana mafuta zaidi, na kwa mtoto anayechelewa kuongezeka uzito yanafaa sana. Kwa watoto wa chini ya wiki 32 kama wako, daktari anaweza pia kuamua kuongeza virutubisho maalumu kwenye maziwa yako. Akifanya hivyo usidhani maziwa yako ni mabovu. Miezi mitatu ya mwisho tumboni ndiyo mtoto hujiwekea akiba ya mafuta, chokaa ya mifupa na madini chuma, na wako hakuipata.

Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya pweza, vyote kunywa kama unavipenda. Vinakupa maji na nguvu. Lakini havitachukua nafasi ya zile zamu nane. Dawa za mizizi na vidonge vya kuongeza maziwa vinavyotangazwa mitandaoni usiviguse, kwa sababu unachokunywa wewe kinaweza kumfikia mtoto wa kilo moja.

Ukizifuata zamu hizo, baada ya siku nne au tano utaanza kuona mabadiliko. Pengine kabla ya hapo mtoto atakuwa ameongezewa na kutakuwa na upungufu, na hapo linaingia suala la yule mama mwenzako. Ninamheshimu kwa moyo wake. Hata hivyo maziwa yake yasiingie kwa mwanao kimyakimya kati ya kitanda na kitanda. Virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa, na hupimi mtu kwa uso. Linatakiwa lipitie kwa daktari: mama apimwe, maziwa yapashwe moto kwa utaratibu unaojulikana. Hospitali ya uzazi ya Pumwani mjini Nairobi ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, na huko maziwa ya wachangiaji waliopimwa hupashwa kwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 kabla ya kumfikia mtoto yeyote. Shirika la Afya Duniani linayapendekeza maziwa ya mchangiaji kwa njiti wadogo sana pale ya mama yanapokosekana. Muulize daktari wako hospitali yenu ina utaratibu gani.

Mume wako simlaumu. Undugu wa kunyonya ni jambo zito katika dini yake, na ana haki ya kuuliza. Lakini aelewe kwamba hofu yenyewe ni ya watoto kuja kuoana bila kujua, si kwamba kunyonyeshwa na mwanamke mwingine ni haramu. Mtume mwenyewe alinyonyeshwa na Bi Halima. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, kuna masharti ya idadi ya kunyonya kabla undugu haujathibiti, na sheikh wenu anaweza kumweleza kwa ufasaha kuliko mimi. Ikitokea ni lazima, pengine ni bora mchangiaji awe mama unayemwona kuliko usiyemjua: majina ya familia mbili yaandikwe, mbadilishane namba za simu, jambo libaki wazi kwa watoto wote. Ampigie sheikh simu leo akiwa barabarani, asingoje siku ya dharura.

Kitu kimoja hukukitaja katika barua yako, nacho kimenishtua: hukusema kama umewahi kumpakata kifuani. Kama bado, basi kesho daktari akipita mwombe uanze kangaroo. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi tu, alale wima katikati ya maziwa yako ngozi kwa ngozi, khanga imfunge imara, kichwa kimegeuzwa upande. Dripu na mpira wa puani havizuii. Atalishwa akiwa hapohapo. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa Daktari Edgar Rey Sanabria, hospitali ilipozidiwa na watoto njiti. Zamani tuliambiwa tusubiri mtoto atulie kwanza. Kisha ukafanyika utafiti katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwetu ukiwa Muhimbili, ukahusisha zaidi ya watoto 3,200 waliozaliwa na kilo 1 hadi chini ya 1.8. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Walioanza kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, kabla hata hawajatulia, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa robo hivi. Mwanao kwa kilo zake ni mmoja wa watoto waliotafitiwa. Lenga saa 8 kwa siku au zaidi. Akiwa na joto lako hatumii chakula kupambana na baridi, ile mililita 6 inaenda kwenye kukua, na maziwa yako yanashuka kwa wingi zaidi.

Kangaroo ndiyo itakayokusaidia kwa mama mkwe pia. Bibi huyu anaumia kuona mjukuu amelala na mipira naye hana la kufanya, ndiyo maana alikuja na chupa. Mpe kazi. Mwombe sista wa zamu amweleze mwenyewe mbele yako kuhusu utumbo wa njiti, maana neno la mkwe na neno la sista hayana uzito sawa masikioni mwake. Kisha, kama hana kikohozi wala ugonjwa wa ngozi na wodi inaruhusu, aoge, avue blauzi, abebe mjukuu kifuani saa moja wewe ukilala. Mume naye akirudi safari, kifua chake kinafaa vilevile.

Mbele kidogo, akifika wiki 32 au 33, utaona anageuza kichwa kutafuta ziwa na kunyonya ule mpira wenyewe. Hata kabla ya hapo, ziwa likishakamuliwa mwache alinuse na kulilamba wakati analishwa kwa mpira. Baadaye wataanza kumpa kwa kikombe kidogo: akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, umsubiri alambe mwenyewe, usimmiminie. Chupa zenye chuchu za plastiki ziache dukani, ni ngumu kusafisha. Kunyonya kwenyewe kutaanza mara moja mbili kwa siku, huku mpira ukimalizia, kwa kuwa huchoka upesi. Akibadilika rangi au kuacha kupumua anapokula, acha papo hapo na mwite nesi. Na mtakaporuhusiwa mtapewa matone ya madini chuma na vitamini D. Usiyaache kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

La mwisho, kazi. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84 zenye malipo, na shule ya binafsi haina ruhusa ya kukupa pungufu. Lakini mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa, na mama aliyejifungua njiti ameongezewa muda kwa ajili hiyo. Waajiri wengi hawajalisoma hilo badiliko. Kesho mwombe daktari barua yenye tarehe ya kujifungua, umri wa mimba na uzito wa mtoto, ipigwe mhuri. Toa nakala mbili: moja impelekee mwalimu mkuu na asaini kwamba ameipokea, nyingine baki nayo. Wakisita, nenda nayo ofisi ya kazi ya mkoa, hapohapo Tanga.